Waliochangia Sauti Nne

Lodwar
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mpenzi wangu Gervais, mume wangu,

Ejok? Najua utajibu "ejok-nooi" kwa Kiturkana chenye lafudhi yako ya Uvira, na mama yangu angekusikia angecheka hadi ashike mbavu. Nimeandika "mume wangu" kwenye karatasi chakavu kabla ya kuanza barua hii, kwa raha tu, halafu mteja akaingia dukani kutaka dawa ya kupe nikamwandikia risiti kwa jina la "mume wangu". Ndivyo nilivyo siku hizi. Wiki sita za ndoa na bado naamka nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Umesema kila bando unalonunua ni la kupandishia nyimbo za watu kwenye tovuti, kwa hiyo sisi tupendane kwa karatasi. Nimekubali. Ekwam wa gari la mkate ndiye posta yetu, ingawa ananicheka: "Bibi arusi, hii bahasha ni nzito kuliko mikate yangu."

Kitanda chetu kinaendeleaje? Kila nikifunga duka naangalia ile picha aliyonitumia Hardy akimaliza kukipiga randa. Mbao nyekundu, na kichwani amechonga ndege wawili. Mama anauliza kama ni ndege au ni viatu. Mimi naona ndege. Namaliza kazi hapa Desemba, halafu nakuja kulala chini ya ndege hao maisha yangu yote.

Sasa nina zawadi kwako. Nimeona unavyohangaika na malipo ya tovuti yako ya nyimbo za kwaya. Septemba Sauti Nne ilizimwa, ikawaka tena, ukaniambia msamaria fulani amelipa kidogo, lakini yaliyobaki lazima yalipwe kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo nyimbo zote zinafutwa. Nikajiuliza, watu wanaochukua noti za solfa bure, sauti zote nne, kutoka Nariokotome mpaka Nadapal, kwa nini wanachanga polepole hivi? Jibu nikalipata mara moja. Hakuna anayewashukuru. Ile sheria yako ya kutomtaja anayetoa ni nzuri kwa unyenyekevu, lakini kwetu harambee bila majina ni matanga.

Michango yote inaingia kwa simu yangu, kwa kuwa laini ni ya kitambulisho changu, na majina ninayo. Basi jana nimerekodi sauti yangu nikimshukuru kila mmoja, jina lake na mtaa wake huko kambini, mama akipiga vigelegele kila jina likitajwa. Mama Félicité nimemwita "alto yenye moyo mkubwa kuliko ghala". Yule msamaria asiyejulikana nimempigia vigelegele virefu kuliko wote. Halafu nikakuchokoza: "Na mume wangu, mwenye tovuti, bado hajatoa hata shilingi, nikifika nitamshika sikio." Mama alicheka mpaka akasikika kwenye rekodi.

Nimeiweka ukurasa wa mbele kwa nywila uliyonipa. Fungua usikie jinsi mkeo anavyokupenda mbele za watu.

Wako, wako, wako,
Akoru


Kakuma Tatu
9 Oktoba 2025

Akoru,

Umepiga simu tangu jana na sijapokea. Nikipokea nitapiga kelele, na sitaki sauti hiyo ikae masikioni mwako. Kwa hiyo naandika.

Ondoa ile rekodi. Kama bado hujaiondoa unaposoma hapa, weka barua chini uiondoe kwanza.

Umefanya nini, chérie? Umesimama mbele ya dunia nzima ukataja watu wa kambi kwa jina, kwa mtaa, kwa bloki, ukasema hawa wana pesa ya kutoa. Unajua mgao wa chakula hapa sasa unatolewa kwa makundi? Kundi la kwanza ni la wasio na kitu kabisa, hao wanapata. La pili na la tatu wanapata kidogo na kidogo zaidi. La nne wameambiwa wanajiweza, hawapati hata punje. Félicité wamemtupa la nne kwa sababu waliona cherehani nyumbani kwake. Cherehani ya kuazima. Amekata rufaa, anasikilizwa tarehe ishirini na mbili, na kila usiku ananiuliza avae nini ili aonekane maskini bila kuonekana mchafu.

Jumanne nilikuwa bombani. Kijana mmoja akafungua simu, sauti yako ikatoka: "Félicité, alto yenye moyo mkubwa kuliko ghala." Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana analia njaa, ghala liko mtandaoni." Sasa rekodi iko kwenye simu zote, na wanasema imefika mpaka mezani kwa wale wa rufaa.

Tangu siku hiyo kila mtu anasema hatatoa tena. Wanachama wa hapa wananiandikia niwafutie majina. Wengine wamefuta nyimbo zao wenyewe. Kutotaja majina si unyenyekevu, Akoru. Ni ukuta, na wewe umeubomoa huku mama yako akipiga vigelegele.

Kitanda kiko. Usiniulize habari ya kitanda wakati huu.

Gervais


Lodwar
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Gervais,

Nimeiondoa. Niliiondoa nikiwa nimesimama, barua yako mkononi, mteja akingoja chanjo ya mbuzi. Nikalia mbele yake. Akasema, "Dada, kama zimeisha nitarudi kesho."

Nimekosa. Nalisema mara moja, wazi, na nitamwandikia Mama Félicité kwa mkono wangu. Sasa nisikilize na wewe.

Ukuta uliofichwa hata kwa mke wako, angejuaje asiupige teke? Uliniambia "hatutaji majina" kama mtu anayesema "tunavua viatu mlangoni". Hukuniambia kuna watu watanyimwa chakula chao kwa sababu ya jina. Kwetu mtu akitoa mbuzi kwenye harambee na asitajwe, atakwenda nyumbani na hasira, na mwaka ujao hatatoa. Mimi nimekulia hapo. Nilifanya kwa mapenzi kile ninachokijua. Wewe ulikuwa unajua kingine ukanyamaza.

Na kuna jambo limeniamsha. Makundi haya yalianza kabla ya harusi yetu, sivyo? Kila barua yako inasema "nimekula vizuri, usijali". Umekula nini? Uko kundi la ngapi, Gervais? Nilikuuliza habari ya chakula ukanijibu kwa mistari ya mapenzi, nikaibusu karatasi kama mpumbavu.

Nina hasira na hao wenye meza. Nina hasira na huyo wa bombani, na nikimpata nitamwambia maneno ya Kiturkana ambayo hayana tafsiri. Lakini hasira iliyo kubwa ni juu yako wewe, kwa sababu hao wengine sikuwaahidi chochote mbele ya padri.

Tarehe ishirini na mbili nitakuwa Kakuma.

Akoru, ambaye bado ni mkeo, kwa bahati mbaya yako


Kakuma Tatu
15 Oktoba 2025

Kwako Akoru, bibi ya Gervais,

Ni mimi Félicité. Mkono unaoandika ni wa Hardy, seremala, tenor yetu. Maneno ni yangu, nimemwambia asiyalainishe.

Barua yako ya kuomba msamaha nimeipata. Imeandikwa vizuri. Nimeikunja nikaiweka, lakini haipikiki, mwanangu.

Nikuambie kwa nini nilitoa. Bwana yangu alitunga wimbo mmoja tu katika maisha yake. Alikuwa besi. Tulipotoka Burundi karatasi zilibaki, akaanza kuukumbuka upya hapa, sauti moja moja, mimi nikimwimbia alto, mpaka zote nne zikatimia. Gervais akauweka kwenye tovuti. Mwaka uliofuata bwana yangu akafa. Mimi najua alto peke yake. Sauti tatu zingine za bwana yangu ziko pale Sauti Nne, si mahali pengine. Siku moja niliambiwa kwaya ya Lokiriama imeuimba kanisani, watu ambao sitawaona kamwe. Niliposikia tovuti inafungwa, niliuza maharage yangu ya mwisho nikatuma. Sikuwa na kitu kilichobaki. Nilitoa nikalala na njaa, na nililala vizuri.

Wewe ukafanya ionekane nimetoa kwa kushiba.

Hilo ndilo linaloniuma. Si kicheko cha bombani. Kucheka wamecheka wengi. Ninaumia kwa sababu tendo langu zuri la mwaka huu limekuwa ushahidi juu yangu.

Gervais anasema atakuja kunisemea. Gervais ni mtu mpole, mbele ya meza anaanza kusema asante. Simtaki. Ulinitaja kwa mdomo wako, uje uniondoe kwa mdomo huohuo. Jumatano, saa tatu asubuhi. Usivae dhahabu.

Félicité
(Na mimi Hardy nakusalimu, shemeji. Mimi niliagizwa niandike tu, lakini niseme hili: ukija, usinikasirikie mimi kwa jambo lolote utakaloliona.)


Kakuma Tatu
18 Oktoba 2025

Akoru,

Ekwam ameniambia umemwomba nafasi Jumanne. Nakuomba usije. Mambo ya rufaa nitayasema mimi, nimeshajiandaa. Nyumba haijawa tayari kupokea bibi arusi, nilitaka uione ikiwa imepakwa chokaa, na mapazia.

Nakupenda. Hiyo si mistari ya kufunika chakula. Nakupenda na ninakuomba, mara hii moja, unitii.

Gervais


Lodwar
Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Gervais,

Niliondoka bila kukuaga kwa sababu ningefungua mdomo pale mlangoni, bloki nzima ingepata sinema ya bure.

Nianze na meza, kwa kuwa wewe ulikuwa nje ya uzio hukusikia yote. Walikuwa watatu, mmoja ndiye aliyeongea. Akaweka simu mezani akacheza rekodi yangu. Yote. Gervais, hujui kitu hicho. Kukaa kando ya mama mwenye njaa ukisikiliza sauti yako mwenyewe ikimcheka kwa upendo.

Akaniuliza, "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unasema mama huyu ana moyo mkubwa kuliko ghala."

"Nilisema moyo. Ghala hana. Nendeni mkaangalie."

"Mtu mwenye njaa anatoaje mchango wa mtandao?"

Nikamwambia, "Muulize mwenye shibe kwa nini hatoi."

Mama Félicité akanifinya paja chini ya meza, alama bado iko. Lakini nilikuwa nimeshawaka. Nikawaeleza maharage, nikawaeleza bwana yake na sauti tatu asizozijua. Nikasema mimi ni mtu wa Lodwar, sikujua, nilitangaza kama tunavyotangaza harambee, na kama kuna mtu wa kuadhibiwa kwa kutangaza, kitambulisho changu hiki hapa. Yule mmoja akasema, "Dada, hatuadhibu mtu, tunapanga makundi." Akaandika kitu kwa Kiingereza kwenye kompyuta. Hakikufika hata mstari mmoja. Niliona maneno yangu yote yakiingia kwenye vidole vyake viwili na kupotea. Watakwenda kuona nyumba, wakasema. Tukatoka. Mama Félicité akasema, "Leo umeongea kama soprano, juu ya wote." Sijui kama alinisifu.

Halafu nikaja kwetu.

Nilikuwa na furaha hata baada ya hayo yote, mjinga mimi. Nilisema moyoni, nitajilaza kidogo chini ya ndege wangu wawili, hasira itashuka. Wewe ukasimama mlangoni ukisema "ngoja, ngoja". Nikapita chini ya mkono wako.

Katoni. Katoni mbili za mafuta ya kupikia zimefunguliwa zikalazwa sakafuni, na shati lako limekunjwa kuwa mto. Ukutani alama nyeupe mahali kichwa cha kitanda kilipoegemea. Sufuria moja, safi kabisa, kama sufuria ambayo haina kazi.

Sikukuuliza. Nilimwendea Hardy kwenye karakana yake, akaanza kulia kabla sijasema salamu. Akaniambia kitanda kiliuzwa Septemba kwa mwenye duka la nguo, siku ileile tovuti ilipowaka tena.

Wewe ndiye msamaria.

Nilikupigia vigelegele virefu kuliko wote bila kukujua, na pumzi hiyohiyo nikawaambia watu mume wangu hajatoa hata shilingi. Na pale mezani walicheza mpaka hapo, Gervais. Yule afisa alicheka. Nami nikacheka naye, nimpendeze, kwa ajili ya Mama Félicité.

Hasira niliyo nayo sijawahi kuwa nayo. Umenifanya nikutukane mbele za watu ukiwa na njaa. Umeuza kitanda changu, changu pia, bila kuniambia neno, halafu ukaniandikia "kitanda kiko". Kiko wapi? Kwa mwenye duka la nguo, mke wake ndiye anayelala chini ya ndege wangu. Na uko kundi la nne. Hardy ameniambia hilo pia. Tangu Agosti. Ulivaa suti ya kuazima, ukala wali wa harusi yetu mara mbili, nami nikawaambia shangazi zangu, "tazameni anavyopenda chakula chetu."

Sitaandika tena mpaka nione jibu linalofanana na ukweli.

Akoru


Kakuma Tatu
28 Oktoba 2025

Mke wangu,

Huu ndio ukweli. Niliona aibu. Baba yako alinipa binti akijua mimi ni mkimbizi, akaniambia mbuzi za mahari zitakuja polepole, "lakini usimlaze mtoto wangu chini." Nilimwonyesha picha ya kitanda. Wiki mbili baadaye nikakiuza. Ningekuambiaje? Kila barua yako ilianza na kitanda.

Na nikuambie, kwa kuwa unataka ukweli, mimi pia nina hasira. Mwaka wa tatu huu naendesha Sauti Nne. Watu wanachukua nyimbo, wanaimba harusi, wanalipwa, wanasema Mungu akubariki. Tovuti hailipwi kwa baraka. Nilipoiona imezimika niliona nyimbo za watu waliokufa zikifa mara ya pili. Sikufikiri. Nilimwita mwenye duka. Ningefanya tena, lakini safari hii ningekuita kwanza. Hapo ndipo nilipokosa, na ni kosa zima, si nusu.

Sasa habari. Walikwenda nyumbani kwa Félicité, wakaona. Ujumbe umekuja jana: amehamishwa kundi la tatu. Atapata, kidogo, kuanzia mwezi ujao. Alinionyesha simu akasema, "Wimbo mzima wa bwana yangu, nusu bakuli." Hakucheka. Mpaka mwezi uanze anakula nyumbani kwa Hardy, na mimi pia, kwa sababu ulimfokea Hardy asiniache nirudi kwenye sufuria safi.

Tovuti je? Jumapili baada ya mazoezi Hardy alisimama na mfuko wa kitambaa, ule wa sadaka, mdomo mwembamba. Akasema kila mtu aingize ngumi iliyofungwa na kuitoa ikiwa wazi, mwenye kitu na asiye na kitu, na atakayemtazama mwenzake usoni atoke. Tukapita mmoja mmoja tukiimba wimbo wa bwana wa Félicité. Hakuna jina, hakuna simu. Kwaya ya Lokiriama nayo imefanya hivyo kwao, wakatuma furushi moja kwa jina la padri. Imetosha. Sauti Nne imelipiwa mwaka mzima.

Félicité alipita na ngumi yake kama wengine. Sijui ilikuwa na nini ndani. Hakuna atakayejua.

Kitanda nitakinunua tena, nimeanza kuongea na Hardy.

Gervais wako, kama bado ni wako


Lodwar
Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Gervais,

Usinunue kitanda.

Nimeongea na baba. Nilimweleza yote, nikamwona anatafuta fimbo yake, nikamwambia akae. Akakaa. Kisha akasema, "Basi huyo ni mtu anayeweza kuuza ng'ombe wake wa wimbo, yule ampendaye na kumwimbia, ili ng'ombe wa wengine wanywe." Sijui kama alikusifu. Mama ametoa ngozi aliyolalia alipoolewa, ya dume jeusi, bado inanuka moshi na mafuta. Nimeisugua kwa majivu. Siji Desemba. Nakuja Jumatatu na Ekwam, ngozi juu ya mikate, na gunia la mtama. Wa dukani nimewaambia watafute mtu. Kule Kakuma mbuzi pia wana kupe.

Nikifika tutagombana vizuri, ana kwa ana, mlango umefungwa, chakula kikiwa kimeiva. Kuanzia siku hiyo ukiniambia "nimekula" nitaangalia sufuria.

Na lile jambo la majina nimelielewa. Sitamtaja mtu tena. Lakini nimebaki na deni la jina moja, na nitalitaja hapa kwenye karatasi, mahali ambapo wewe peke yako utasikia. Jisomee kwa sauti ya mwenye harambee, kisha uichome.

Gervais, wa Kakuma Tatu, besi. Ametoa kitanda cha bibi arusi.

Mama, piga vigelegele. Amepiga, hapa jikoni, virefu kuliko vya msamaria.

Bado nimekasirika.

Akoru